Kombe Lililokatizwa Siku ya Nne

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa tone la maji, akaweka ndani ya mwili wake mizani ambayo hatuioni wala hatuisikii, na tunaishi nayo miaka mingi bila kujua kwamba ipo. Namshukuru kwa pumzi na kwa uzee. Namshukuru kwa mtoto mmoja ambaye leo amesoma sura nzima mbele yangu bila kusita. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na kila aliyefuata uongofu.

Ninaandika habari hii kwa sababu hapa kambini inasimuliwa nusu. Watu wanasema mjukuu wa mwalimu aliugua, akakimbizwa Lilongwe, Mungu akamrudisha. Ni kweli. Lakini hawasemi kwamba mwalimu mwenyewe ndiye aliyemchelewesha. Wananisitiri, na Mungu awalipe kwa hilo. Mimi nimeona niseme, wakati mkono wangu bado unashika kalamu.

Mimi ni mtu wa Maniema, mashariki ya Kongo. Ujanani niliuza chumvi, sabuni na samaki wakavu kati ya Kindu na vijiji vya kando ya mto, na nilipopata nafasi nilikaa mbele ya walimu wangu nikasoma. Vita ilipotuondoa tulipita nchi hii na ile mpaka tukafika Malawi, kambi hii ya wakimbizi ya Dzaleka, na hapa nimekaa miaka mingi kuliko nilivyodhani. Nina kibanda kidogo cha bidhaa mbele ya nyumba, na barazani nafundisha watoto Kurani wakitoka shule. Mwanangu anabeba marobota ya tumbaku kwenye maghala ya Kanengo, Lilongwe. Amepanga chumba Mtandire, mtaa wa huko huko, na huja kwetu Jumamosi. Mke wake na watoto wao wanaishi nami.

Wa tatu katika watoto hao ni msichana. Wakati huo alikuwa na miaka tisa, na ndiye aliyekuwa na sauti nzuri kuliko wanafunzi wangu wote. Akisoma, hata jirani yetu wa ng'ambo ya njia, mama mmoja Mnyarwanda anayeshona nguo kibarazani kwake, alikuwa anasimamisha cherehani. Mama yule ni mtu wa kanisa, mjane, aliyepitia Kongo kama sisi, na tulizoea kutaniana.

"Baba Mwalimu," alikuwa akiniambia, "kwaya yako leo iko na usingizi."

"Si kwaya, mama. Siku wakiimba kama kwaya yenu nitafunga madrasa."

"Basi funga leo, bapumzike."

Ilikuwa msimu wa baridi, wakati upepo unapita kwenye matundu ya matofali na watoto wanaoga kwa kulazimishwa. Baridi ile hakuna anayetamani maji. Mjukuu wangu aliyatamani. Asubuhi alikuwa akienda kwenye mtungi kabla ya kunisalimu. Katikati ya somo aliomba ruhusa ya kutoka kwenda kujisaidia, akarudi, akakaa kidogo, akaomba tena. Siku moja aliomba mara nne. Nilidhani anaikimbia sura aliyokuwa hajaihifadhi. Nikamsimamisha mbele ya wenzake, nikamwambia hatatoka tena mpaka amalize. Alisimama, akasoma huku amebana miguu, na alipofika aya ya tatu mkojo ukamtoka pale pale. Watoto wakacheka. Mimi sikucheka, lakini sikumtetea pia. Hilo nimelitubia mara nyingi.

Baada ya hapo akaanza kulowesha mkeka usiku, mtoto aliyekuwa ameacha mambo hayo tangu ana miaka mitatu. Akakonda. Gauni lake la Idi, ambalo jirani alilishona likamkaa sawasawa, sasa lilizunguka mwilini mwake. Alikula nsima, ugali wa huku, kama mtu mzima na bado akakonda. Mama yake alisema ni minyoo. Mimi nilisema ni jicho la husuda, kwa sababu ya ile sauti.

Mwanangu alipokuja Jumamosi alimwinua mtoto, akamweka chini, akamwinua tena kama mtu anayepima mzigo.

"Baba, huyu amekuwa mwepesi," akasema. "Nibaki mpaka Jumatatu nimpeleke zahanati apimwe? Nitamwomba msimamizi ruhusa."

"Nenda kazini," nikamwambia. "Nitamwandikia."

Hakubisha. Kwetu mtoto habishi baba yake, na baba akiwa mwalimu ndiyo kabisa.

Nieleze kuandika kwenyewe, kwa wasioijua desturi yetu. Mtu akiugua, mwalimu huchukua sahani nyeupe, akaandika juu yake aya za Kurani kwa wino wa zafarani, kisha akazisuuza kwa maji safi, na mgonjwa akayanywa. Tunaita kombe. Hunywewa siku saba, asubuhi na jioni. Walimu wangu walikuwa wakilitia asali, kwa sababu asali imetajwa kuwa ina ponyo, na mimi nikafuata. Sisemi vibaya juu ya maneno ya Mungu, na sitasema. Nasema juu yangu, mimi niliyeyaweka mahali pa kipimo nilichokuwa nimeombwa.

Nilianza Jumapili. Vijiko vitatu vya asali katika kila bakuli. Mtoto alilipenda kombe lile. Alilinywa lote, akalamba ukingo wa bakuli, akasema, "Babu, ongeza." Nikaongeza. Nilifurahi moyoni nikisema, tazama imani ya mtoto huyu.

Asubuhi ya Jumatano, siku ya nne, nilitoka uani nikaukuta mkeka wake umeanikwa kwenye ukuta, na sisimizi wameujaa. Walikuwa wametengeneza mstari kutoka kwenye ufa wa ukuta mpaka katikati ya mkeka, mahali palipokuwa na duara la unyevu. Nikakasirika. Nilichoona mimi ni kwamba kombe limemwagwa kitandani, maneno matukufu yamelaliwa na yanatembelewa na wadudu. Nikamwita mkwe wangu, mke wa mwanangu. Ni mwanamke mpole, ambaye kwa miaka yote niliyoishi naye alikuwa akinijibu kwa kuinamisha kichwa.

"Nimekwambia mara ngapi mtoto anywe akiwa amekaa," nikasema. "Umemwachia bakuli kitandani. Tazama. Unajua kilichoandikwa mle?"

Alikuwa na ndoo mkononi. Akaiweka chini.

"Baba," akasema, "haikumwagika hata tone. Analinywaga lote mbele yangu. Ile ni mkojo."

"Mkojo hauiti sisimizi."

"Wa kwake unaita. Ni siku nyingi. Hata kule chooni."

Cherehani ya ng'ambo ilikuwa imenyamaza. Jirani alivuka njia, uzi ukiwa bado umening'inia shingoni, akaingia uani bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akausogelea mkeka akautazama. Akagusa pale penye unyevu kwa ncha ya kidole, akavisugua vidole viwili, nami nikaona vinanata.

"Mtoto iko wapi?" akauliza.

"Amelala. Amechoka," mkwe akajibu.

"Anakunywa maji sana?"

"Sana."

"Na kukojoa, na kukonda, na kuchoka?"

"Yote."

Akanigeukia. Hapakuwa na utani usoni mwake. "Baba Mwalimu, mle mwenye dawa yako unatiaga nini?"

"Maji, na zafarani, na asali."

Akafuta vidole kwenye nguo yake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mi nilikuwa na mtoto wa dada yangu, kule Kongo. Kiu, mkojo, kukonda, kuchoka. Tukasema malaria, tukampa dawa ya malaria. Tukasema sumu, tukatafuta mutu wa sumu. Ile siku daktari alimutoboa kidole, njo ilikuwa ya mwisho. Ilikuwa sukari. Sikujua kama batoto banaugua sukari, nilizani ni ugonjwa ya batajiri banene. Mwalimu, usingoje kesho. Apimwe leo, hii asubuhi. Sema tu: mupime sukari. Ni tone moja ya damu."

Nikamwambia mkwe wangu amvalishe mtoto, nami nikaenda kuchukua kofia.

Pale mlangoni nikakutana na mzee mwenzangu wa Kindu, tuliyekuja naye njia moja, ambaye kila asubuhi huja kukaa kwenye benchi la kibanda changu. Nikamweleza kwa maneno machache.

"Saba haikatwi nne," akasema. "We mwenyewe njo ulitufundisha."

"Nilifundisha vibaya."

"Ijumaa ni kesho kutwa. Tutasimama wote msikitini tumwombee."

"Mtamwombea akiwa hospitali. Dua inaijua njia."

"Na watu watasema nini? Mwalimu ameikimbia dawa yake mwenyewe."

"Waambie ndivyo. Waambie umeniona nakimbia."

Akaenda kuniitia baiskeli mbili za kabaza, zile za kubeba abiria. Mkwe alipanda ya kwanza na mtoto mgongoni, mimi ya pili. Njiani mtoto alitapika mara mbili, maji matupu, na kila baada ya kutapika aliomba kunywa.

Zahanati ya kambi ilikuwa imejaa, kama kila msimu wa baridi, watoto wanakohoa na wazee wamejifunika mablanketi. Tulijiandikisha tukakaa mwisho wa benchi. Mimi nimefundisha subira maisha yangu yote. Katika foleni ya mahindi, ya maji, ya karatasi, sijawahi kumpita mtu, na watoto wangu wamejifunza hivyo kwangu. Nikakaa, tasbihi mkononi, nikaanza kuhesabu vichwa vilivyo mbele yetu.

Mkwe akaninong'oneza, "Baba, sikiliza pumzi yake."

Nikainama. Alikuwa anapumua kwa nguvu na kwa haraka, kifua kikipanda na kushuka kama cha mtu aliyepanda mlima, naye amelala tu mapajani. Pumzi ilikuwa na harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Nilimwita jina lake. Akafungua macho, akayafunga.

Nikatia tasbihi mfukoni, nikasimama, nikamchukua mtoto mikononi, nikapita mbele ya watu wote. Mwanamume mmoja Mmalawi alinyoosha mkono kunionyesha mwisho wa foleni. "Agogo, mzere uli uku," akasema, yaani babu, mstari uko huku, na alisema kwa heshima, kama anavyomwambia babu yake. Nilimwomba msamaha bila kusimama. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu, na nikijaliwa sababu ileile nitafanya tena.

Muuguzi aliinua kichwa. Chichewa changu ni cha kuuzia sabuni, lakini nilimwambia: kiu, mkojo, amekonda, amechoka, anatapika. "Shuga, chonde," nikasema. "Lero." Sukari, tafadhali, leo.

Aliuliza kuhusu malaria. Nikamwambia ampime na malaria pia, lakini sukari kwanza. Hakunibishia. Alimtazama mtoto anavyopumua, akasukuma kando karatasi zake, akatoboa kidole. Kimashine kikakaa kimya kidogo, kisha badala ya namba kikatoa herufi. Akafuta kidole, akatoboa kingine, herufi zikaja zilezile. Maana yake, sukari ilikuwa imepita mahali ambapo mashine inaweza kuhesabu.

"Leo amekula nini?" akauliza.

Ningeweza kusema uji.

"Maji ya asali," nikasema. "Vijiko vitatu, asubuhi na jioni. Siku tatu, na leo asubuhi. Nimempa mimi."

Hakunilaumu. Aliandika, akamwita tabibu wa zamu, na tabibu akaanza kumtundikia mtoto maji ya mshipani huku akipiga simu kuomba gari. Yule mwanamume wa foleni ndiye aliyetusaidia kumbeba mpaka garini.

Barabara ya Lilongwe naijua kwa vituo vyake, lakini siku ile sikuona kitu mpaka tulipofika Kanengo, harufu ya tumbaku ikaingia garini. Nikampigia mwanangu simu. Nikasema, tunapita hapo ulipo, tuko na binti yako, tufuate hospitali. Alifika muda mfupi baada yetu, vumbi la tumbaku likiwa bado kwenye nyusi, anakohoa. Mtoto alikuwa amezungukwa na watu wenye makoti meupe, dawa inaingia mkononi kidogo kidogo kwa mashine, na kila saa wanatoboa kidole.

Daktari alikuwa dada mmoja kijana. Alieleza kwa Chichewa, na mkwe wangu, anayekijua kwa kuuza mboga sokoni, akatutafsiria. Nilimsikia mkwe akizungumza siku ile kuliko miaka yote. Mwili, daktari alisema, una dawa yake ya ndani inayochukua sukari kutoka kwenye damu na kuiingiza mahali inapotumika. Inaitwa insulini. Wa mtoto huyu umeacha kuitengeneza. Sukari inabaki kwenye damu na kutoka kwa mkojo, mwili unashinda na njaa ijapokuwa anakula, na mwisho damu inageuka kuwa kali kama siki. Hakuna aliyemroga, hakuna aliyemwambukiza, wala asali haikuuleta ugonjwa. Lakini asali ilizidisha, na siku zilizopita bila kupimwa ndizo zilizomfikisha hapa. Atachomwa sindano ya insulini kila siku ya maisha yake, na akiipata ataishi.

Nikamwambia mkwe, "Muulize, kama tungengoja mpaka Ijumaa?"

Hakutaka kuuliza. Nilimwambia tena. Akauliza akiwa ametazama sakafu. Daktari alimgeukia mtoto, kisha akanijibu mimi moja kwa moja, na neno lile nililielewa bila kutafsiriwa. Asingefika.

Mwanangu akaniuliza, "Baba, ni kweli ulimpa asali siku zote hizo?"

"Ni kweli. Na wewe ulitaka kumpeleka Jumatatu, nikakukataza."

Alitoka nje. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa na chupa ya maji, akanimiminia nitawadhe, kwa kuwa adhuhuri ilikuwa karibu kunipita. Hatujalizungumza tena. Maji yale ndiyo jibu alilonipa, nami nimeyapokea.

Siku ya pili mtoto aliamka akamwuliza mama yake kwa nini babu analala kwenye kiti. Siku ya tatu akalalamika kwamba chakula cha hospitali hakina chumvi. Ilikuwa Ijumaa.

Sasa insulini inakaa ndani ya chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati kuna mchanga tunaoumwagia maji kila asubuhi, kwa kuwa hatuna friji. Kazi ya kumwagia ni yangu. Mtoto anajichoma mwenyewe, na anatutishia wageni kwa kujichoma mbele yao. Kabla ya kusoma anatoboa kidole, anasoma namba kwa sauti, ndipo anafungua msahafu. Ikiwa ya chini anakula kitu kitamu kwanza, na wenzake wanamwonea wivu. Mwanafunzi yeyote akiomba ruhusa ya kutoka nampa. Akiomba mara nyingi, jioni nakwenda kwao kuuliza habari ya kiu.

Na watu bado wanakuja kuandikiwa kombe. Nawauliza, mmepima? Asiyepima namwambia aende kwanza zahanati, arudi na karatasi, ndipo nitaandika, na sitii asali. Mzee mwenzangu ananicheka. "Umekuwa mlinzi wa mlango wa zahanati," anasema. "Bado mshahara tu." Nami siku moja nikamkuta akimwambia mkwe wake mwenyewe ampeleke mtoto akapimwe.

Juzi alikuja mama mmoja na mtoto wa kiume anayekojoa kitandani na kunywa maji. Sikumaliza hata kumsikiliza. Nilifunga kibanda, tukaenda. Wakamtoboa kidole, sukari yake ilikuwa sawa kabisa. Alikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo, akapewa vidonge. Mama yule akaniomba radhi kwa kunipotezea asubuhi. Nilirudi kwa miguu, polepole, nikimshukuru Mungu kwa asubuhi ile niliyopotezewa, na jirani aliponiona akasimamisha cherehani na kuuliza imekuwaje.

"Si sukari," nikasema.

"Basi rudi kwenye kwaya yako," akasema. "Batoto bako na kukungoja."

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akulindie walio nyumbani mwako, wadogo na wakubwa. Akupe macho ya kuona dalili siku ya kwanza, akupe jirani anayevuka njia bila kubisha hodi, na miguu iondokayo siku ileile. Na kila chombo cha maji kitakachoinuliwa mdomoni nyumbani kwako kikate kiu. Amina.